Nyaya Tatu za Pete Tatu

Pete Tatu hakuzaliwa na jina hilo. Lakini mimi niliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa sikuwahi kumsikia mtu akimwita vinginevyo. Hata marehemu mkewe, siku aliyokuja getini kumletea miwani ya kusomea aliyoisahau nyumbani, alimuuliza mlinzi, "Pete Tatu yupo?" Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja, akacheka mwenyewe.

Karakana yetu ilikuwa ndefu kama behewa la treni, bati juu, saruji chini, na milango miwili mikubwa iliyotazama uani. Tulitengeneza milango, vitanda na madawati ya shule. Mimi nilikuwa wa rangi na vanishi, na nilikaa kule mwisho kwenye upepo ili harufu isiwamalize wenzangu. Katikati ilisimama mashine iliyokuwa kubwa kuliko zote, msumeno wa mkanda. Kwa asiyeujua nitaueleza hivi: ni ukanda mrefu wa chuma, mwembamba, wenye meno upande mmoja. Umeungwa ncha kwa ncha ukawa duara, nao unazunguka juu ya magurudumu mawili kama ule mkanda wa cherehani ya miguu. Sisi tuliuita mkanda tu, basi. Ukiisha makali unaondolewa, unawekwa mwingine, na ule wa zamani unapelekwa kunolewa.

Shida si kukata. Shida ni kuukunja na kuufungua. Mkanda mmoja ukiunyoosha uani unamzidi mtu mrefu mara mbili, kwa hiyo hautunziki ila umekunjwa. Mwenye kujua anaushika, anapinda viganja vyake kwa ndani, na mkanda wenyewe unajilaza ukawa pete tatu ndogo zilizopandana. Unafungwa kwa nyaya tatu, unaning'inizwa msumarini. Lakini haujatulia pale. Ndani ya zile pete kuna nguvu imejikunyata, inangoja mtu alegeze kidole. Nyaya zikitoka ovyo, chuma kinaruka na meno yake, na hakichagui shavu la nani.

Basi Pete Tatu ndiye aliyekuwa mwenye mikanda. Ufunguo wa chumba cha mikanda aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Na namna yake ya kufungua, ndugu zangu, ilikuwa tamasha. Alitoka uani kifua mbele, mikono mitupu, maana glavu alisema ni za watu wa kupalilia maua. Alikata nyaya kwa koleo, akashika pete kidogo hivi, akaurusha mkanda mbele yake. Ukafunguka hewani kwa mlio mmoja mkali, kama bati la paa linalopigwa na jiwe, ukatua chini ukitetemeka. Wateja waliofuata milango yao waliacha milango wakaja kutazama. Akiona watazamaji ni wachache, alijifanya anatafuta koleo mpaka wakusanyike.

Mimi nina alama kwenye muundi wa mguu wa kushoto, ndefu kama kidole cha kati. Ilikuwa mwaka wake wa pili pale. Alirusha mkanda, mimi napita na kopo langu la vanishi. Tajiri, ndivyo tulivyomwita mwenye karakana, aliponiuliza nilisema nimejikwaa kwenye kipande cha bati. Pete Tatu hakunishukuru kwa mdomo. Ila kuanzia wiki ile aliweka sheria. Kabla hajafungua alisimama, akaita kwa sauti, "Mkanda!" Na kila mtu karakanani alipaswa kujibu kwa kazi yake, kuonyesha kwamba amekaa kando na amemwona.

"Randa, nimekaa!"

"Gundi, nimekaa!"

"Rangi, nimekaa!" Huyo mimi.

Mmoja asipojibu, mkanda haufunguliwi, hata Tajiri awe amesimama pale anatazama saa. Sheria hiyo ilidumu, na hakuna aliyechanika tena. Yeye tu ndiye ambaye hakuwahi kujibu, maana yeye ndiye aliyekuwa akiita.

Mwanawe mmoja wa pekee ni dereva wa malori ya safari ndefu, anaondoka anakaa hata miezi miwili. Kwa hiyo nyumbani Pete Tatu aliishi na mkwe wake, yaani mke wa huyo kijana, na mjukuu wake wa kike wa miaka mitano waliyemwita Pipi. Mkwe tukamwita Mama Pipi. Huyu mama alikuwa amefanya kazi miaka sita katika chumba cha kufulia cha hospitali, akikunja mashuka. Chumba kile kilipoleta mashine za kukunja, yeye na wenzake wakarudishwa nyumbani. Pete Tatu mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi kwetu.

"Tajiri," alisema, "nina mkwe wangu. Mikono yake haijui kukaa."

Akawekwa kwenye msasa, kulainisha mbao kabla hazijafika kwangu. Mwezi wa kwanza Pete Tatu alitembea naye kuja kazini kama aliyebeba zawadi. "Huyu ni mwanangu," alimwambia kila mtu. "Mkwe ni jina la kwenye karatasi tu." Na ni kweli mbao zake zilikuwa laini, rangi yangu ilikaa bila kubembelezwa. Jioni aliondoka hana vumbi hata kwenye nyusi, sijui alifanyaje.

Sasa, Pete Tatu akaumwa jino. Meno ya mikanda, mamia kwa mamia, hayakumfanya kitu miaka yote hiyo, likaja la kwake moja la nyuma likamlaza siku tatu. Shavu lilivimba mpaka jicho likawa ufa. Siku ya pili ya ugonjwa wake, tuko katikati ya madawati arobaini ya shule, mkanda ukakatika mashinini. Paa! Kazi ikasimama. Chumba kimefungwa, ufunguo uko shingoni mwa mgonjwa.

Mama Pipi akaenda nyumbani saa ya chakula cha mchana, akarudi nao. Alimkuta baba mkwe na kile kitambaa alichomfunga kichwani, kama mtu aliyejeruhiwa vitani. Mgonjwa akauvua ufunguo kwa shida, akamwambia kwa nusu mdomo, "Mwambie Tajiri aangalie tu kama mikanda ipo. Asiguse. Nakuja kesho."

Tajiri akasema kesho ni mbali, madawati yanatakiwa kesho hiyo hiyo. Akatutazama mmoja mmoja. Fundi wa randa akageuka kukagua randa yake. Gundi, kijana wetu wa kuunganisha na kuchekesha, akajishika mashavu.

"Mimi? Uso huu nauhitaji, Tajiri. Bado sijaoa."

Tukacheka, na katika kicheko hicho Mama Pipi akasema, "Naweza kujaribu. Nimekuwa namtazama baba."

Lakini hakufanya kama baba. Hili ndilo lililotushangaza. Alivaa glavu nene za kubebea mbao. Akavaa miwani mikubwa ya kukinga macho, ile iliyoning'inia ukutani mpaka buibui wakahamia ndani. Akaita "Mkanda!" tukajibu wote. Akaulaza mkanda chini, pete zikiwa zimefungwa bado, akakanyaga pete ya chini kwa kiatu. Kwa mkono mmoja akazibana zote tatu pamoja, kwa mwingine akatoa nyaya, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Halafu, mikono imenyooka, uso ameugeuzia pembeni, akaiachia pete moja ijifungue taratibu, kisha ya pili, kisha ya tatu. Kama mtu anayemshusha mtoto aliyelala kutoka begani. Hapakuwa na mlio.

"Imekwisha?" aliuliza Gundi. "Hata sikupata muda wa kuogopa!"

Haikuwa imekwisha. Aliushika mkanda mbele ya mashine akautazama. "Meno yanaangalia juu," alisema. "Si yanatakiwa yaangalie chini, kwenye meza?" Akaupindua ndani nje, kama unavyopindua soksi, ukaingia mashinini, ukakazwa, na madawati yakaendelea. Mimi nilirudi kwenye rangi yangu nikagundua kwamba kwa mara ya kwanza tangu nilipochanika, mkanda ulikuwa umefunguliwa na muundi wangu haukusisimka.

Pete Tatu aliporudi, shavu limeshuka nusu, Gundi hakumpa nafasi hata ya kuvua koti.

"Pete Tatu! Mkweo katufungulia mkanda kimya kimya, kama anafungua barua."

"Nani?"

"Mama Pipi. Kwa mguu."

"Mkanda unakanyagwa?"

"Umekanyagwa, ukanyamaza."

Pete Tatu akacheka kwa upande mmoja wa uso, ule ambao haukuvimba. Akaomba ufunguo wake. Mama Pipi akampa kwa mikono miwili, akainama kidogo. "Pole na jino, baba."

"Ahsante, mkwe," alisema.

Mkwe. Mimi nilisikia. Sijui kama yeye mwenyewe alijisikia.

Tangu hapo nilimtazama mtu akiliwa na wivu mchana kweupe, na nyinyi mnajua wivu una aibu zake. Kumwonea kijicho mtu baki unaweza kujitetea. Utajiteteaje kumwonea kijicho anayekupikia, aliyekufunga kile kitambaa cha jino kwa mkono wake? Kwa hiyo hakusema. Ilimtokea kwingine. Akirusha mkanda, alirusha kwa nguvu zaidi, akatutazama sote kuona nani ameshtuka. Wateja walishangilia bado. Lakini fundi wa randa alianza kusema, kwa upole tu, "Leo Mama Pipi hafungui?" Na Pete Tatu alisikia hilo moja kuliko makofi yote.

Nilipita kwao Jumapili moja adhuhuri kumrudishia bisibisi. Walikuwa mezani. Alionja mboga, akaweka kijiko.

"Chumvi imezidi."

"Pole baba, nitaangalia," alisema Mama Pipi. Mimi nilipewa sahani pia, nikala, na chumvi ilikuwa mahali pake. Pete Tatu alikula yote, akafuta na sahani, huku amekunja uso.

Kilichomchoma zaidi kilikuwa chini ya meza. Pipi alikaa pale na kile kiutepe cha plastiki cha kufungia makasha. Alikiunga kwa gundi kikawa duara, akapinda viganja vyake vidogo, na kikajilaza pete tatu. Mimi nilifurahi nikapiga kofi moja.

"Lo! Babu kakufundisha?"

"Mama," alisema Pipi. "Babu anarusha. Mama anakunja."

Pete Tatu akainuka akasema anakwenda kuangalia maji. Maji yenyewe yalikuwa ndani ya ndoo pale pale mlangoni.

Baada ya wiki chache Tajiri akaitwa kwenye karakana moja ya mtu anayejuana naye, akarudi na habari mbaya. Huko mkanda ulikuwa umemrukia mfanyakazi usoni, na jicho halikuokoka. Alikaa juu ya dawati ambalo halijapigwa msasa, akatukusanya.

"Kurusha kumekwisha," alisema. "Kuanzia Jumatatu, mikanda yote itafunguliwa kwa njia ya Mama Pipi. Atatuonyesha wote, mimi pia. Na ufunguo wa chumba atakaa nao yeye." Akamgeukia Pete Tatu. "Kaka yangu, umetulindia mikanda miaka mingi. Si kwamba umekosa."

"Sijasema kitu," alisema Pete Tatu. Mkono ulikuwa umeshika kamba ya kiatu shingoni.

Mama Pipi alitazama sakafu. Ungemwona ungesema ni yeye anayenyang'anywa.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa alasiri ikaletwa mikanda sita kutoka kunolewa, imefunguka, na Pete Tatu akaikunja ndani ya chumba, akaifunga, akaitundika. Kazi ya mwisho kabla ya kukabidhi. Mitano aliifunga kwa nyaya tatu kila mmoja, kama alivyotufundisha mwenyewe: pete tatu, nyaya tatu. Wa sita aliufunga kwa waya mmoja mwembamba, akauzungusha mara moja tu, akautundika kwenye msumari wa kwanza, ule unaofikiwa na mkono wa anayeingia.

Haya alinisimulia baadaye, tumekaa wawili juu ya magogo. Nilimuuliza alikuwa anawaza nini. Akasema alijiambia utaruka kidogo tu. Atashtuka, ataudondosha mbele ya Tajiri, watu watacheka, watasema hii si kazi ya kukunja mashuka. Ana glavu, ana miwani, hataumia. Alijiambia hivyo Ijumaa, akajiambia tena Jumamosi. Jumapili Pipi alimpandia mgongoni kama kawaida yake, na alipojiambia mara ya tatu, maneno hayakukaa sawa. Lakini hakwenda kufunga upya. Ufunguo alikuwa nao bado shingoni, na hakwenda.

Jumatatu asubuhi tulisimama uani nusu duara. Tajiri amevaa glavu mpya zilizosimama kama za mwanasesere. Mama Pipi amevaa glavu na miwani, lakini miwani ameipandisha kwenye paji la uso, maana alikuwa hajaanza. Akaenda chumbani, ambako Pete Tatu alikuwa amekwisha kumfungulia mlango, akarudi na mkanda wa msumari wa kwanza. Nilimwona Pete Tatu akiutazama ukija. Uso ulimsawajika akawa rangi ya saruji.

"Tajiri," alisema Mama Pipi, "kwa ruhusa yako. Mimi nilijifunza kwa kumtazama baba. Afungue yeye wa kwanza, kwa njia yake au hii mpya, apendavyo. Mimi nitafuata. Siwezi kumtangulia."

Akamgeukia Pete Tatu, na kumpa akampa kama anavyompa kila kitu, kwa mikono miwili, ameinama kidogo, mkanda uko kifuani pake na kichwa chake juu yake. Macho wazi. Miwani iko juu ya paji la uso.

Na waya ukaanza kuteleza.

Mimi sikuuona. Hakuna aliyeuona ila yule aliyeufunga. Tulichosikia ni sauti yake, kavu, kubwa, kuliko siku zote:

"Mkanda!"

Mazoea ya miaka mingi hayachezewi. Miguu yetu ilirudi nyuma kabla vichwa havijauliza.

"Randa, nimekaa!"

"Gundi, nimekaa!"

"Rangi, nimekaa!"

"Msasa..." alisema Mama Pipi, amesimama kama mti. "Baba, mkanda nimeushika mimi."

"Usisogee. Usilegeze hata kidole kimoja. Nyaya mbili hazipo."

Akaenda. Mikono mitupu, hatua ndogo ndogo, kama anayemwendea ndege. Akaweka viganja vyake juu ya glavu za Mama Pipi, akabana. Nilisikia pumzi zake kutoka nilipokuwa.

"Geuza uso. Tunashuka pamoja. Mguu wako."

"Wapi?"

"Kama unavyofanya wewe," alisema. "Pale pale unapokanyaga wewe."

Wakainama pamoja. Pete ya chini ikagusa saruji, kiatu cha Mama Pipi kikaikanyaga, na wakati huo huo waya ukakatika, ti, kisauti kidogo kama cha kitufe kinachotoka kwenye shati. Pete ya juu ikaruka, ikampitia Pete Tatu kiganjani na kwenye kifundo cha mkono. Nyingine zilibaki chini ya kiatu, zikitetemeka. Mama Pipi hakuinua mguu. Akaziachia taratibu, moja, halafu nyingine, mpaka mkanda ukalala uani wote, umechoka.

Tajiri akauokota ule waya. Akaugeuza geuza kwenye glavu zake mpya.

"Nani aliyefunga huu?"

Gundi, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akatazama paa.

"Mimi," alisema Pete Tatu. Damu ilikuwa ikimdondoka kwenye vumbi la mbao na hakuishughulikia. "Ijumaa. Waya mmoja."

"Ulisahau?"

Alipewa mlango wa kutokea, mnaona. Angesema ndiyo, yangeishia hapo, uzee, jino, pole.

"Sikusahau. Nilijua."

Mama Pipi akavua glavu, kidole kwa kidole. Akavua na miwani, akaitazama kama ndiyo kwanza anaiona.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na mimi nina Pipi nyumbani," alisema. Hakupaza sauti. Nilitamani angepaza.

Tajiri alitaka kumfukuza papo hapo, na nani angemlaumu. Lakini kwanza alimgeukia Mama Pipi. "Wewe ndiye wa kusema."

Mama Pipi alitoka akaleta kitambaa safi, akamfunga mkono baba mkwe wake, akakaza kuliko ilivyohitajika. Halafu akasema, "Akate nyaya. Kila mkanda nyaya tatu, azifunge yeye, na kila mmoja nitaukagua mimi." Akanyoosha kiganja. Pete Tatu akaanza kuvua ufunguo, kamba ikamnasa sikioni, akahangaika nayo kwa mkono mmoja mbele yetu wote, na hakuna aliyecheka wala aliyemsaidia.

Siku tisa zilizofuata Mama Pipi alimwita "mzee". Mzee, chakula kiko mezani. Mzee, maji ya kuoga. Kwa jirani lingekuwa neno la heshima. Nyumbani mle lilikuwa mlango uliofungwa. Pete Tatu alikula alichopewa na hakutaja chumvi.

Pipi ndiye aliyeuliza. "Babu, umefanya nini?"

"Nilifunga kitu vibaya."

"Si ufunge tena?"

"Nafunga," alisema. "Kila siku nafunga."

Na ni kweli alikuwa akifunga. Karakanani alikaa kwenye kibao karibu na mlango wa chumba cha mikanda, koleo mkononi, anakata waya vipande sawasawa. Mama Pipi alipita, akavuta kila fundo kwa kidole, akaenda zake. Usidhani wivu ulikuwa umemtoka Pete Tatu. Nilimwona macho yake yakiufuata ule ufunguo, ambao sasa ulifungwa kwenye kiuno cha aproni ya Mama Pipi, unalialia akitembea. Mtu mwingine akivaa kitu chako cha miaka kumi na tisa, hata kama umekipoteza kwa mkono wako mwenyewe, kinakuumiza. Pengine zaidi.

Siku ya kumi mkanda uliokuwa mashinini ukaisha makali. Mama Pipi akatoa mwingine, akakagua nyaya, tatu. Akavaa glavu, akashusha miwani mpaka machoni, akaulaza uani, akakanyaga.

"Mkanda!"

"Randa, nimekaa!"

"Gundi, nimekaa, na bado sijaoa!"

"Rangi, nimekaa!"

Akangoja. Sisi tukangoja, hatujui anangoja nini.

"Fungua, mama," alisema Tajiri kutoka mlangoni. "Kazi imesimama."

"Mmoja hajajibu."

Tukageuka. Pete Tatu alikuwa amekaa kwenye kibao chake, kando kabisa, salama kuliko sisi wote. Alitutazama na yeye akaonekana kushtuka. Miaka yote hiyo hakuwahi kujibu wito ule. Na angejibu kwa kazi gani? Mkanda haikuwa tena kazi yake. Nadhani alikuwa anachagua kati ya kunyamaza, mkanda ukae chini ya kiatu kile mpaka jioni, na lile jingine. Mashine ilikuwa imezimwa, nilisikia saa ya ukutani, ile tuliyodhani ilikufa.

Mama Pipi hakumhimiza. Hakuinua mguu, na hakulegeza kidole.

"Waya," alisema hatimaye. Akakohoa, akaanza upya. "Waya, nimekaa!"

"Nimekusikia, baba," alisema Mama Pipi, na akatoa waya wa kwanza.

Nilisogea nikakaa naye pale kwenye kibao. Hakunitazama. Alikuwa anautazama mkanda ukijifungua, pete ya kwanza, ya pili, mdomo ameukaza.

"Hauna mlio," aliniambia chini chini. "Mkanda bila mlio una utamu gani?"

"Hauna," nilisema, kumridhisha, huku najikuna muundi.

"Hauna kabisa."

Lakini aliutazama mpaka pete ya tatu ikalala. Kisha akachukua koleo, akakata waya mwingine, akaupima na wenzake kama uko sawa.